Namba ya ufanisi inagoma: dalili na vyanzo vyake kwenye mashamba ya miwa

Ukipima ufanisi wa mashamba ya miwa muda mrefu, siku moja lazima ukutane na hii: karatasi inasema shamba fulani ndo la mwisho kabisa, afu unaenda kuliona kwa macho unakuta miwa imesimama vizuri, mistari haina mapengo, palizi imefanyika, na mwenye shamba anakuuliza kosa lake ni nini. Ilinikuta msimu wangu wa kwanza wa kukusanya data. Yule mzee alishaambiwa na waliopita kabla yangu kwamba hajitumi, wakati mtu anaamka saa kumi alfajiri. Tukazunguka shamba na GPS mguu kwa mguu, kumbe fomu ilikuwa na eka 5 za kwenye hati ila miwa yenyewe ni eka 3.8, zilizobaki ni bonde linalotuama maji na njia ya trekta. Alivuna tani 152. Gawa kwa 5 unapata 30.4 kwa eka, gawa kwa 3.8 unapata 40. Mtu yuleyule, miwa ileile.

Kuanzia siku ile mi msimamo wangu ni mmoja, namba ikisema mkulima ni mzembe, ishuku namba kwanza. Nazipita dalili moja moja, zile zinazosumbua zaidi ndo nitakaa nazo.

Tani kwa eneo ziko chini ila shamba linaonekana zuri

Anza na eneo, kila mara. Hekta 1 ni eka 2.47, sasa kwenye daftari moja unakuta huyu kaandika hekta, yule eka, na aliyeingiza kwenye eksel kaweka zote kwenye safu moja. Hiyo peke yake inatosha kumshusha mtu mara mbili na nusu. Ukishamaliza hapo uliza kama eneo ni la miwa au la ardhi yote, na kama ni lile lililopandwa au lililovunwa, maana kipande kikiungua au kikiachwa kwa mbegu hakijafika mizani lakini bado kimo kwenye kigawanyo.

Eneo likiwa sawa nenda kwenye uzito. Uzito wa gari tupu ulichukuliwa lini? Kama ulichukuliwa mara moja mwanzo wa msimu gari likiwa na mbao za pembeni au tope, afu vikaondolewa, basi kila safari inakatwa uzito usiokuwepo na makosa yanajumlishana. Uliza pia kama tani zilizoandikwa zimeshakatwa takataka au bado, kwa sababu mzigo wa tani 20 wenye takataka asilimia 8 una tani 1.6 za majani, vilele na udongo. Ukilinganisha shamba lililokatwa na ambalo halijakatwa hujalinganisha kitu.

Bado huamini? Pima mwenyewe kabla ya kuvuna, hii ndo njia ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haitaki mashine. Chukua futi kamba, ingia ndani ya shamba mbali na kingo (miwa ya pembeni hupata jua zaidi, itakudanganya), chagua sehemu tano bila kuangalia wapi pazuri, kila sehemu pima mita 10 za mstari na uhesabu miwa inayofaa kusagwa, machipukizi membamba yaache. Kata ishirini, toa kilele na majani makavu kama wakataji wanavyofanya, weka kwenye mizani ya kuning'iniza. Tuseme umepata wastani wa miwa 11 kwa kila mita, muwa mmoja kilo 0.9, na nafasi kati ya mistari ni mita 1.5. Hekta ina mita za mraba 10,000, gawa kwa 1.5 unapata mita 6,667 za mstari, zidisha kwa 11 kisha kwa 0.9, ni kama tani 66 kwa hekta. Makadirio haya huwa yanazidi mavuno halisi kidogo sababu ya mapengo na miwa inayobaki shambani, ila kama daftari linasema 48 hapo kuna tani 18 zimepotea njiani, na hazijapotezwa na aliyepalilia.

Shamba la miezi 18 linalishinda la miezi 12 kila msimu

Hapa chanzo ni muda na ni kosa ambalo limezoeleka mno. Miwa inavunwa kuanzia kama miezi 12 hadi 24 kutegemea hali ya hewa na aina ya mbegu, kwa hiyo tani kwa hekta bila kutaja umri ni nusu ya habari. Tani 90 za miezi 18 ni tani 5 kwa hekta kwa mwezi, tani 72 za miezi 12 ni tani 6. Yule wa pili ndo anaitumia ardhi vizuri zaidi, na kwenye orodha ya tani tupu anaonekana wa nyuma. Weka safu ya tarehe ya kupanda au ya mavuno yaliyopita, weka tarehe ya kukata, gawa kwa miezi. Kama mkulima hakuchagua kuchelewa ila magari ndo hayakuja, liandike hilo pembeni, litakuja kukusaidia huko mbele.

Ratuni inaonekana ina ufanisi kuliko muwa wa kwanza

Ni kweli na si kweli. Ratuni, ile miwa inayochipua baada ya kukata, haikulimiwa upya wala haikununuliwa mbegu, hivo ukigawa mavuno kwa gharama au kwa nguvukazi ya mwaka huo lazima ipendeze. Lakini mavuno kwa kawaida yanashuka ratuni kwa ratuni, mashina yanakufa, mapengo yanaongezeka. Ukiyapima mashamba kwa mwaka mmoja tu unampongeza aliyeko ratuni ya kwanza na kumlaumu aliyepanda juzi. Jumlisha mzunguko mzima, mavuno yote toka kupanda hadi kung'oa dhidi ya pembejeo zote na miezi yote. Huna data ya mzunguko mzima? Basi linganisha ratuni ya kwanza na ratuni ya kwanza wenzake, usichanganye.

Tani nyingi, sukari kidogo

Hapa kila mtu anabishana na kila mtu. Kinachotafutwa mwisho wa siku ni sukari, na shamba la tani 100 kwa hekta lenye sukari inayopatikana asilimia 10 linatoa tani 10 za sukari, la tani 85 lenye asilimia 12.5 linatoa 10.6. Kama zao unaloingiza kwenye hesabu ni tani za miwa tu, la kwanza ndo bingwa.

Vyanzo vya sukari kushuka viko vingi ila viangalie kwa mpangilio huu. Kwanza umri, muwa mbichi una maji mengi. Pima briksi (asilimia ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji ya muwa, vingi vikiwa sukari) kwa rifraktomita, kile kifaa kidogo cha kuisomea, toboa muwa pingili za chini na za juu, kama juu iko chini sana kuliko chini muwa haujaiva, zikikaribiana umeiva. Kumbuka kifaa kinasomwa kwa nyuzi joto 20 za Selsiasi, kama chako hakijirekebishi chenyewe na unapima jua kali, tumia jedwali la kurekebisha. Pili nitrojeni, aliyeweka nyingi au aliyeichelewesha atapata muwa wa kijani mnene unaoendelea kukua wakati ulitakiwa kuweka sukari, na mara nyingi unalala chini. Tatu maji, umwagiliaji usipositishwa kabla ya kukata muwa hauivi sawasawa.

Nne ni ucheleweshaji, na hili niliweke vizuri. Muwa ukikatwa unaanza kuoza kimyakimya: unapoteza maji, sukari inavunjika, na bakteria wa aina ya Leuconostoc wanaingia kwenye sehemu zilizokatwa wanatengeneza utelezi unaosumbua hadi kiwandani. Uliochomwa na kukatwa vipande vifupi ndo unawahi zaidi kuharibika. Fanya jaribio, funga mzigo wa miwa 20, upime uzito na briksi siku ya kukata, uache palepale inapolala mizigo ya kusubiri gari, upime tena kesho na keshokutwa. Utaona uzito unashuka, na usishangae briksi ikapanda, ni maji yametoka siyo sukari imeongezeka. Nimeona watu wakiisoma hiyo briksi kama habari njema. Ndo maana unatakiwa upate na poli, yaani sukari yenyewe iliyomo. Poli 13 kwa briksi 16 ni usafi wa asilimia 81, na usafi ukianza kushuka huku briksi inapanda basi mzigo umelala.

Sasa swali la haki, hizo siku tatu za kusubiri gari ni uzembe wa nani? Kama ratiba ya magari haiko mikononi mwa mkulima, basi ufanisi wa shamba upimwe kwa uzito na sukari ya siku ya kukata, na hasara ya kusubiri iwekwe kwenye safu yake na jina la anayehusika na usafiri. Mi nalishikilia hili hata kikao kikiwa kirefu.

Wakulima wadogo wote wanaonekana mabingwa

Nguvukazi ya nyumbani haijahesabiwa. Mke, kaka na vijana wamepalilia wiki mbili ila fomu inauliza "vibarua uliolipa", jibu ni sifuri. Hesabu siku za kazi kwa mtu, alipwe asilipwe, na uliza kazi kwa kazi: kupanda, kupalilia, kuweka mbolea, kukata. Ukiuliza "mlifanya kazi siku ngapi" kwa jumla utapata jibu la kubahatisha.

Mbolea inatoka na alama ya kutoa

Umeendesha modeli ya takwimu inayounganisha pembejeo na mavuno, inakwambia mbolea ikiongezeka mavuno yanapungua. Usikimbilie kuandika kwamba wakulima wanazidisha mbolea! Angalia kwanza kama umeingiza mifuko. Mfuko wa kilo 50 wa urea una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23, mfuko wa kilo 50 wa DAP una asilimia 18, yaani kilo 9. Wawili wameweka mifuko minne kila mmoja, huyu kaweka kilo 92 za nitrojeni yule kilo 36, kwenye karatasi yako wako sawa. Badilisha kila kitu kuwa kilo za virutubisho. Ikiendelea, angalia kama mbolea na eneo vinapanda pamoja kiasi kwamba modeli haiwezi kuvitenganisha, au kama wenye ardhi iliyochoka ndo wanaoweka nyingi kwa sababu wameona miwa imenyong'onyea. Hapo mbolea inabeba lawama ya udongo, ongeza kipimo cha udongo.

Na wale wasioweka kabisa? Modeli hizi mara nyingi hutumia logi (logarithm) ya kila pembejeo, logi ya sifuri haipo, na watu wanaweka namba ndogo ya uongo ili programu isigome. Usifanye. Battese mwaka 1997 alionyesha njia safi: unaweka alama ya 1 kwa asiyetumia na 0 kwa anayetumia, na kwa asiyetumia logi inaandikwa sifuri.

DEA inampa kila mtu 1

Hapa nirudi nyuma kidogo kwa wageni. Farrell mwaka 1957 ndo aliweka wazo la kumpima mzalishaji dhidi ya bora walioonekana wenye pembejeo kama zake, siyo dhidi ya ndoto ya kwenye kitabu. DEA (Data Envelopment Analysis) ya Charnes, Cooper na Rhodes ya 1978 inachora huo mpaka wa waliobora moja kwa moja toka kwenye data, na anayekaa juu ya mpaka anapata 1.

Ukiona karibu wote wana 1, mashamba ni machache na vigezo ni vingi. Una mashamba 14, umeingiza ardhi, nguvukazi, mbolea, maji, mafuta, mbegu na dawa ya magugu, pembejeo 7, na mazao 2. Kila shamba litapata kona yake ambayo halina mpinzani. Kanuni ya mkono ni mashamba yasipungue mara tatu ya jumla ya pembejeo na mazao, hapo ulihitaji 27. Punguza vigezo, ardhi-miezi (eneo mara miezi ya kukua), nguvukazi na nitrojeni dhidi ya sukari vinakutosha kwa mashamba 14.

Kinyume chake, wote wako 0.3 au 0.4 isipokuwa mmoja. Huyo mmoja mtafute. Mara nyingi ni mifuko 50 iliyoandikwa 5. DEA haina nafasi ya kosa, kila inachopewa inakiamini, kwa hiyo namba moja mbovu inasogeza mpaka wote na majirani wote wanaonekana wazembe. Mtoe, endesha upya, kama wengine wote wameruka juu rudi kwenye fomu yake ya karatasi na umpigie simu. Akithibitisha kwamba ni kweli, mrudishe, nenda kamtembelee, huyo ana kitu cha kufundisha.

Afu kuna hili la ukubwa, linaumiza wadogo. Modeli ya 1978 inachukulia kwamba ukubwa hauna faida wala hasara, ile ya Banker, Charnes na Cooper ya 1984 inaruhusu ukubwa kutofautiana. Endesha zote mbili. Shamba lina 0.60 kwenye ya kwanza na 0.90 kwenye ya pili, gawa, ufanisi wa ukubwa ni 0.67. Tafsiri yake ni kwamba mtu huyu analitunza shamba lake vizuri, tatizo ni kwamba kipande ni kidogo mno au kikubwa mno. Kumpeleka semina ya palizi hakumsaidii, labda kushirikiana trekta na majirani.

SFA inasema hakuna uzembe kabisa, au inasema kila kitu ni uzembe

SFA (Stochastic Frontier Analysis) ilitoka 1977, Aigner na wenzake upande mmoja, Meeusen na van den Broeck upande mwingine, na uzuri wake ni kwamba inatenganisha bahati mbaya (mvua, moto, kosa la kupima) na upungufu wa kweli. Kwa miwa inayotegemea mvua mi naiamini zaidi ya DEA, kwa masharti kwamba mashamba ni mengi.

Gama ni namba ya 0 hadi 1 inayosema sehemu gani ya tofauti inatokana na uzembe badala ya bahati. Ikiwa karibu na 0, angalia mabaki ya regresheni ya kawaida (mavuno halisi kutoa yaliyokadiriwa) yanaegemea wapi. Uzembe unavuta mkia kwenda kushoto. Mkia ukiwa kulia programu haitaona uzembe hata kama upo, na vyanzo ni vilevile: mashamba machache, mmoja aliyevuna tani za ajabu, au umbo la modeli halifai. Na inawezekana kabisa kwamba kweli wakulima hawatofautiani kihivyo, kubali hilo jibu likija. Gama ikikaribia 1 maana yake modeli inaona karibu hakuna bahati mbaya, kila tofauti ni kosa la mtu, na kwenye kilimo hiyo ni ya kuitilia shaka. Mara nyingi kuna kigezo kimesahaulika, umri wa miwa ndo mshukiwa wangu wa kwanza.

Nafasi zinabadilika ovyo mwaka hadi mwaka

Bingwa wa mwaka jana leo ni wa mwisho. Mkulima habadiliki hivo kwa miezi 12. Tazama mvua kwanza, milimita 1 juu ya hekta 1 ni maji mita za ujazo 10, na miwa inataka milimita 1,500 hadi 2,500 msimu mzima, kwa hiyo tofauti ya milimita 400 kati ya mashamba mawili ni mita za ujazo 4,000 kwa hekta ambazo mmoja kapata bure. Ingiza mvua na umwagiliaji pamoja. Kisha angalia ratuni na umri, kisha nani alikusanya data mwaka ule. Tumia wastani wa miaka mitatu kabla hujamwandika mtu jina.

Umesafisha yote na namba bado iko chini

Sawa, sasa ingia shambani. Mapengo: kwenye mistari pima urefu wa kila sehemu isiyo na shina, ukizidi nusu mita hesabu ni pengo, kisha jumlisha. Visiki: kama wakataji wanaacha sentimita 10 juu ya ardhi kwenye muwa wa mita 2, wameacha asilimia 5 ya urefu, na ni ile sehemu nzito yenye sukari nyingi kuliko zote. Fugwe, ule ugonjwa wa kuvu, unaijua, inatoa kitu kama mjeledi mweusi kileleni, ng'oa shina zima.

Inayonisumbua mi ni ule ugonjwa wa kudumaza ratuni, unaletwa na bakteria Leifsonia xyli, kwa sababu nje hauonyeshi kitu. Miwa inakuwa myembamba na mifupi tu, kila ratuni inazidi, na mkulima anaambiwa hajaweka mbolea. Unasambaa kwa panga lile lile linalotoka shina hadi shina na kwa mbegu iliyokatwa toka shamba lenye ugonjwa. Ukikuta mashamba manne ya watu tofauti, wachapakazi kabisa, yote yanashuka ratuni kwa ratuni, uliza walichukua mbegu wapi. Wakikutajia shamba moja, chukua sampuli za mabua zipelekwe maabara, na awamu ijayo ya kupanda mapande yalowekwe kwenye maji ya nyuzi 50 kwa saa 2, na mapanga yasafishwe kwa dawa kabla ya kuhamia shamba lingine. Wakati mnasubiri majibu, ile safu ya maoni mbele ya majina yao manne iache wazi.